Mwezi Ukiwa Saratani

Jumamosi, 22 Machi

Shule imekwisha na matokeo bado. Mama anasema msichana hakai bure akingoja matokeo, kwa hiyo nimepewa kile kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, kati ya choo na ua wa mabati wa jirani yetu Abang. Nitapanda mboga. Nitaandika humu yatakayotokea, hata yakiwa madogo.

Leo nilikwenda mtaa wa Hai Jalaba, hapa Juba, kununua mbegu. Mwenye duka anaitwa Mukasa, Mganda, anafahamiana na Senga Nakato, dada wa marehemu baba yangu. Nilisimama mlangoni mpaka wateja wakaisha, maana siwezi kusema mbele ya watu.

"Wewe nyabo," Mukasa akaniambia, "umekuja kununua ama kulinda duka?"

Nikasema kunde, bamia na mlenda. Akanifungia, kisha akanipa kalenda ya bure iliyochapishwa Mombasa. Chini ya kila tarehe kuna picha ya mwezi, unakua au unapungua, na jina la nyota ambayo mwezi unapitia siku hiyo: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, na nyingine mpaka zinatimia kumi na mbili. Saratani imechorwa kaa.

"Hii Saratani ndiyo ya kupanda," alisema. "Iko na maji. Mwezi ikiwa inakua na iko kwa Saratani, wewe tupa mbegu tu, hata kwa mawe itatoka. Asadi hapana. Asadi iko moto, hiyo ni ya kung'oa majani mbaya."

"Na vitu vya mizizi?"

"Hivyo panda mwezi ikipungua. Vinafuata mwezi chini."

Sijazungumza na mtu wa nje kirefu hivyo tangu shule ifungwe.

Jumapili, 30 Machi

Mchungaji amehubiri juu ya watu wanaouliza nyota badala ya kumuuliza Mungu. Mama aliitikia Amina kwa nguvu. Tuliporudi niliitoa kalenda ukutani nikaitundika nyuma ya mlango wa chumba changu, chini ya gauni.

Ijumaa, 4 Aprili

Mwezi unakua na uko Saratani. Mama alipofunga lango kwenda kazini (anapika kwenye kambi ya shirika moja Thongpiny, huondoka kabla jua halijatoka), nilichukua jembe. Udongo wa hapa New Site juu ni changarawe, chini unanata. Nimepiga matuta manne ya kunde na moja la bamia.

Abang alichungulia juu ya mabati. Alikulia kambi ya Kakuma, na Kiswahili chake ni cha Kenya kuliko hata cha Mama aliyezaliwa huko.

"Kef, bineya! Vipi, msichana, unalima ama unachora ramani?"

"Nalima."

"Laini zimenyooka hivyo? Kuku wangu watadhani umewatengenezea barabara."

Nikaendelea kuchimba. Mimi majibu hunijia jioni.

11 Aprili

Hakuna mvua.

13 Aprili

Hakuna mvua. Lori la maji limepita, lakini Mama amekataza. Maji ya lori ni ya watu, si ya majani.

19 Aprili

Kuku wa Abang wamefukua tuta la tatu. Mbegu walizozitoa zilikuwa ngumu kama kokoto, hata wao walizitema.

Jumapili, 27 Aprili

Mama hakwenda kanisani. Alikaa kitandani amebana kwapa la kulia kama mtu aliyewekewa kipimajoto. Nilimuuliza anaumwa wapi. "Ni mwili tu," akasema. Mama hataji mambo ya mwili. Siku niliyovunja ungo aliniwekea pakiti mezani akafunga mlango.

2 Mei

Mwezi uko Saratani tena na mbingu ni nyeupe kama sahani. Sipandi. Nikipanda bila mvua ninalisha kuku wa watu.

Jumanne, 6 Mei

Nina furaha mno. Acha niandike kwa utaratibu.

Senga Nakato alikuja jioni, wakakaa na Mama nje ya dirisha langu. Mimi nilikuwa ndani nakunja nguo, wala hawakujua.

"Ni saratani," Mama akasema.

Nilitazama mlangoni. Gauni lilikuwa palepale, lakini gauni mtu anaweza kuliinua akalirudisha.

"Uko na hakika?" Senga akauliza.

"Imeandikwa, Nakato. Nimeisoma kwa macho yangu."

"Na Kisakye?" Yaani mimi.

"Sijamwambia kitu. Lakini huyo mtoto naye kuna jambo anaficha. Ananitazama, nikigeuka anaangalia chini."

"Sasa wewe unasema nini?"

"Niseme nini? Mwanzo nilikasirika sana. Sasa nimekubali tu. Nitapigana na nani?"

Senga alilia kidogo. Senga machozi yake yako karibu, kanisani akisikia jina la shetani hutoa leso.

Basi Mama ameiona kalenda, ameisoma, amekasirika, na hasira imepita bila mimi kuguswa. Tangu Machi nimekuwa nikiogopa bure.

Jumatano, 7 Mei

Nilifanya mazoezi ya kusema tangu asubuhi, nikiyaambia matuta. Mama aliporudi alikaa kuvua viatu.

"Mama, niliwasikia jana. Mimi najua habari ya Saratani."

Alibaki na kiatu kimoja mkononi. "Umejua tangu lini?"

"Tangu Machi. Niliogopa utakasirika."

"Nikukasirikie wewe?" Akanivuta nikaangukia mapajani mwake kama mtoto mdogo. "Nani alikuambia?"

"Mukasa, wa duka la mbegu."

"Nakato na mdomo wake! Kumbe Waganda wote wa Hai Jalaba wanajua."

Sikuelewa mdomo wa Senga umeingiaje hapo, ila nilikuwa na furaha, sikuuliza.

"Na hukulia?" Mama akasema.

"Nilie kwa nini? Wewe ukishakubali, mimi niko sawa."

Alinishika uso akanitazama mpaka nikaona haya. Kisha akasema, "Senga wako anataka tuanze mara moja, wiki hii hii. Mimi nilitaka kwanza tuone matokeo yako, tujipange. Sijui. Wewe unaonaje?"

Hakuna mtu anayeniuliza mimi ninaonaje. Darasani macho ya mwalimu yalinipita kama yanavyopita dirisha. Kwa hiyo nilifikiri vizuri, ili nimjibu kama mtu mzima. Mvua bado. Saratani imepita. Wiki ijayo mwezi unajaa, halafu unaanza kupungua.

"Tungoje, Mama," nikasema. "Mwezi huu umeshaharibika. Tuanze mwisho wa mwezi, mambo yakitulia. Kuharakisha ndiko kunakoharibu."

"Wewe unaona hivyo?"

"Naona hivyo."

"Basi tutangoja," akasema, na mabega yake yakashuka. Alikula sahani nzima. Nimemfanyia Mama yangu jambo jema leo.

Kalenda nimeiacha chini ya gauni, kwa ajili ya wageni wa kanisani.

19 Mei

Mvua! Imeanza saa tisa mchana, imepiga mabati mpaka hatukusikiana. Barabara ya mbele ni mto.

24 Mei

Mvua. Nimepiga matuta upya.

Jumatano, 28 Mei

Mwezi umeandama jana, uko Saratani. Mama yuko nyumbani. Amesema kazini wamempa mapumziko.

Nilipotoka na jembe alinifuata. Hakulishika jembe. Alidondosha mbegu kwa mkono wa kushoto, tatu tatu, mimi nikafukia kwa mguu.

"Leo ni mwisho wa mwezi," akasema. "Ulisema tuanze mwisho wa mwezi."

"Ndiyo. Leo ndiyo siku yenyewe."

"Hapana, si leo. Leo tupande kunde zako kwanza. Barabara ya Nimule nayo imejaa matope. Nitampigia Nakato mvua ikipungua."

Alisema hivyo huku akidondosha mbegu, nami nilikuwa na haraka ya kufukia kabla mawingu hayajafika. Sikuuliza Nimule, kule mpakani mwa Uganda, imetokea wapi.

3 Juni

Zimeota. Zote! Hakuna hata shimo moja lililobaki kapa. Mukasa alisema kweli.

8 Juni

Mama anakohoa. Amesema ni baridi ya mvua.

10 Juni

Majani ya kunde yamekuwa mapana kama kiganja. Mama amekonda usoni. Nimempikia uji wa karanga, amekunywa nusu.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui naandikaje haya.

Asubuhi nilikuwa napalilia. Abang akatokea juu ya mabati, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

"Bineya, nimesikia kwa watu wa kanisa lenu. Pole sana kwa hii saratan."

Nilidhani ndio utani wenyewe. Watu wa kanisa wameambiwa juu ya kalenda, nikafikiri, sasa wananicheka. Kwa mara moja maishani jibu lilinijia papo hapo, tena nikainua kichwa, nikatabasamu.

"Ahsante," nikasema. "Imeota vizuri kuliko nilivyotegemea."

Uso wa Abang ulitoweka. Nikasikia lango letu. Alikuja akikanyaga kunde kwa kandambili zake, akanishika kidevu.

"Umesema nini? Mama yako yuko na kansa ya titi, na wewe unaniambia imeota vizuri? Uko na akili?"

"Saratani ni nyota," nikasema.

"Nyota gani?"

"Ya kaa. Ya kupanda."

Alinitazama jicho moja, akahamia la pili. Halafu mkono wake ukaniachia, akakaa chini palepale kwenye tope, mtu mzima na sketi yake safi. "Ya Rabb," akasema. "Hawajakuambia. Ya Rabb."

Nyumbani kwetu ugonjwa ule huitwa kansa. Jirani wa bibi yangu kule Kenya alikufa kwa kansa, tulisema kansa. Saratani ni neno la redio. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha, niliwahi kuliandika kwenye insha nikawekewa vema. Nalijua. Nimelijua miaka. Lakini tangu Machi lilikuwa limekaa kichwani mwangu na picha ya kaa na mvua, likawa halina nafasi ya kitu kingine.

Abang amenieleza. Daktari aliyempima Mama hapa Juba ni mtu wa Khartoum, alimwambia kwa Kiarabu, saratan. Mama akalibeba hivyo hivyo mpaka nyumbani. Nafikiri aliona ni jepesi kuliko kansa. Nafikiri alitaka neno ambalo halijaua mtu tunayemjua.

Nimerudia kusoma tarehe 6 na 7 Mei. Kila sentensi ya Mama iko wazi. Hata Abang angeelewa. Hata kuku wake.

"Tungoje, Mama."

Nilisema mimi.

Jumapili, 15 Juni

Senga amekuja na begi, amesema tunaondoka keshokutwa kwenda Kampala, Mama apende asipende, hapa hakuna mashine za kutibu. Mama alikuwa amelala. Senga alinivuta jikoni.

"Wewe ndiyo ulimuambia angoje! Mimi niko hapa ninabembeleza mwezi muzima, yeye ananijibu, Kisakye amekubali, Kisakye amesema pole pole. Wewe nani? Wewe iko daktari?"

Ningesema nini? Nilikuwa nazungumzia kunde?

Kumbe Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu. "Mwache, Nakato. Huyo mtoto ana moyo mkubwa kuliko mimi na wewe."

Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikwenda chooni nikamwaga maji ya ndoo ili wasisikie nikilia.

17 Juni

Tuko ndani ya basi. Nimule. Mama amelala begani kwangu njia nzima. Ni mwepesi.

Jumanne, 24 Juni, Kampala

Daktari ni mwanamke, kijana, alituvutia viti yeye mwenyewe. Aliongea na Senga kwa Kiganda, kisha akatuambia mimi na Mama kwa Kiswahili cha kutafuta maneno. Imeingia kwenye mapafu na kwenye ini. Kuna dawa za kupunguza maumivu. Kuna dawa za kupunguza kukohoa. Niliendelea kungoja aseme dawa ya kupunguza yenyewe.

Senga akauliza, "Na kama tungekuja mwezi wa tano?"

Daktari alipanga karatasi zake, akazipanga tena. "Tusiangalie nyuma," akasema.

Lilikuwa jibu. Sote tulilisikia, na Mama akanipapasa goti chini ya meza ili nisilie, kwa kuwa anavyojua yeye, mimi sijalia tangu Machi.

3 Julai

Tumerudi Juba. Mama alitaka kitanda chake. Kunde zimefunika matuta yote, hakuna aliyechuma.

5 Julai

Mvua.

6 Julai

Mvua. Mama hakulala.

Jumatano, 9 Julai

Nimemwambia.

Sikupanga. Nilikuwa namfuta miguu kwa maji ya moto na yeye akaanza kusema, sauti yake sasa ni ndogo, inabidi uache kazi ili uisikie.

"Unajua nimewezaje, Kisa? Ni wewe. Nilikuwa najiambia, mtoto huyu ameijua tangu Machi, amekaa nayo peke yake, hata hajalia. Mimi mama yake nitashindwaje?"

Nikaweka kitambaa chini. Nikaenda chumbani, nikainua gauni, nikaleta kalenda. Nilimwonyesha kaa. Nilimwonyesha jina. Nilimweleza Mukasa alivyosema, na kwamba niliificha kwa ajili ya mahubiri, na nilichosikia dirishani, na nilichofikiri nimesikia. Nilieleza nikiwa nimetazama beseni.

Alisoma kalenda muda mrefu. Kidole chake kilipita kwenye Mei, tarehe kwa tarehe.

"Kunde?" akasema.

"Kunde, Mama."

"Mimi nauliza tuanze matibabu, na wewe unaniambia..."

"Mwezi umeharibika."

Mwanzo nilidhani anakohoa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka ikawa kikohozi kweli, nikamshikia beseni, akatema, akarudi kucheka. "Na Mukasa! Nilimnunia Nakato wiki nzima! Maskini Nakato, anaapa hajamwambia mtu!" Machozi yalimshuka mpaka masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Sijamwona akicheka hivyo tangu Baba akiwa hai, na mimi pia nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nimemshika miguu.

Kisha akanirudishia kalenda. Mvua ilikuwa imeacha, bati linadondosha.

"Kwa hiyo nilikuwa nangojea kunde," akasema.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua pa kukaa.

12 Julai

Abang amekuja na maziwa. Mama akanigeukia, "Kisa, mwambie ile ya kunde."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Mwambie," akasema. "Tangu ulipokuwa unazungumza na matuta."

Nikasimulia. Abang anajua kwamba naye yumo ndani ya kisa hicho, lakini nilipofika kwenye "imeota vizuri" alipiga paja akacheka, na Mama alikuwa ameshatangulia kucheka. Abang alipotoka nilimsindikiza langoni. Aliegemea mabati na kulia, akaniambia nisithubutu kumwambia mtu kwamba ameliona jambo hili kuwa la kuchekesha.

15 Julai

Mke wa mchungaji. "Kisa, mwambie ile ya kunde." Alicheka, halafu akakumbuka yuko wapi, akafunika mdomo. Mama akamwambia, "Cheka tu, dada. Mimi ndiye mgonjwa, na ninacheka."

17 Julai

Senga. Nilitaka kukataa. Mama akasema, "Huyu hasa."

Senga hakucheka. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakigandamiza kwenye kifua chake kwa nguvu mpaka kifungo kikaniachia alama kwenye shavu. Ananisamehe au ananilaumu upya, sijui. Nafikiri naye hajui.

18 Julai

Matokeo yametoka. Nimefaulu. Mama aliomba nimsomee somo moja moja. Alilala kabla sijafika Jiografia.

Jumapili, 20 Julai

Wamekuja watatu baada ya ibada. Mimi ambaye nilishindwa kuagiza mbegu mbele ya wateja, sasa nasimama katikati ya chumba nasimulia. Najua pa kupunguza sauti. Najua pa kuigiza Mukasa. Najua watacheka wapi na muda gani, na naacha nafasi, kwa sababu Mama anahitaji nafasi ndefu kuliko wengine. Kicheko chake kinaanza mbali siku hizi.

Wao wanasikia msichana aliyechanganya maneno. Mimi kila ninaposimulia nasikia mwanamke anayeuliza mara mbili, "Wewe unaona hivyo?" Alikuwa ananipa nafasi ya pili. Sehemu hiyo siisimulii.

23 Julai

Nimechuma kunde nikapika na karanga. Mama alichukua kijiko kimoja, akasema zimeiva vizuri. Mimi sikuweza kumeza.

25 Julai

Mvua. Hakufungua macho mpaka jioni.

Jumapili, 27 Julai

Walikuja wenzake wa jikoni kutoka Thongpiny. Jethro, mpishi mkuu, alileta mikate kwenye mfuko akabaki ameushika. Walikaa kitandani kwangu na kwenye viti vya Abang. Mama alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo, anavuta pumzi, anangoja, anavuta nyingine. Waliimba wimbo mmoja wa sifa. Wakaomba. Kisha hakukuwa na kitu cha kufanya, na kila mtu akatazama mikono yake.

Hakuna aliyeniomba. Nilisimama nikaanza mwenyewe. Nilianza dukani, nikaigiza Mukasa, nikaeleza kalenda na mahubiri na gauni, na dirisha, na kiatu kimoja mkononi. Jethro alinikodolea macho kama nimerukwa na akili. Sikumtazama. Nilikuwa nautazama uso wa Mama, na nilisema polepole, kwa sauti, kila neno mahali pake.

Nilipofika pale anapochekea, nilinyamaza kama kawaida, nikampa nafasi.